Kwanza, mkono unafanya nini?

Kila kundi la marafiki wanaopenda gemu hufikia jioni fulani wakaulizana: kwa nini tusitengeneze ya kwetu? Swali hilo huja na msisimko usiopatikana kirahisi kwingine. Saa moja haijapita, gemu tayari ina falme tatu, vita vya kale, shujaa mwenye siri ya kuzaliwa, silaha za kila namna na uwanja wa watu elfu kucheza pamoja mtandaoni. Wiki inayofuata mmoja analeta ramani, mwingine analeta historia ya ukoo wa kifalme tangu babu wa babu. Kisha kimya. Mradi haufungwi wala hautangazwi kufa. Unaacha tu kutajwa.

Sisi wanne tuko katikati ya kutunga gemu yetu sasa hivi. Mmoja anachora, mmoja anaandika programu, mmoja anashughulikia sauti na muziki, na mimi ndiye ninayeandika kanuni za mchezo na kuhakikisha hazigongani. Wote tuna kazi nyingine zinazotulisha, kwa hiyo gemu hii inapata jioni chache na baadhi ya mwisho wa wiki. Naandika kuhusu hatua hii ya kuchemsha bongo kwa sababu watu huiona kama starehe inayotangulia kazi. Mimi naiona ndiyo kazi nzito kuliko zote. Hapa ndipo inapoamuliwa kama watu wanne wenye muda haba watakuwa na kitu cha kucheza mwishoni, au watabaki na mazungumzo matamu tu.

Swali ninalolileta mezani kila mara, hata wenzangu wakalichoka, ni hili: mkono wa mchezaji unafanya nini? Shujaa ni nani, dunia inaitwaje, adui anataka nini, hayo yatapata zamu yake. Nauliza juu ya mkono. Unabonyeza? Unavuta? Unaachia? Unangoja? Kile kitendo ambacho mchezaji atakirudia mara elfu kabla hajafika mwisho, ni kipi, na je, kinapendeza hata kabla hakijavishwa picha wala hadithi?

Chukua gemu iitwayo Superhot. Kanuni yake inaenea katika sentensi moja: muda unakwenda pale tu unapotembea. Ukisimama, risasi inaning'inia hewani. Wazo hilo lilijaribiwa kwanza mwaka 2013 katika shindano la kutengeneza gemu ya kufyatua risasi kwa siku 7, na gemu kamili ikatoka mwaka 2016. Au chukua Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, iliyoanza mwaka 2017 kwenye mkutano wa kutengeneza gemu kwa muda mfupi na kukamilika mwaka 2019. Humo mchezaji anasukuma maneno, na maneno yenyewe ndiyo kanuni za mchezo. Ukivunja sentensi inayosema ukuta unazuia, unapita katikati ya ukuta. Katika zote mbili unaweza kumweleza mtu kitendo chenyewe mkiwa mmesimama mlangoni, naye akaanza papo hapo kuwaza atakavyokitumia. Mtu akianza kuwaza hivyo kabla hujamaliza kueleza, ujue una kitu.

Mwaka 2004 Robin Hunicke, Marc LeBlanc na Robert Zubek waliandika andiko fupi lililonisaidia kuelewa kwa nini swali la mkono lina nguvu kiasi hicho. Walisema gemu ina tabaka tatu. Ya kwanza ni kanuni zenyewe. Ya pili ni mwenendo unaozaliwa kanuni hizo zinapochezwa. Ya tatu ni hisia anayoipata mchezaji. Mtengenezaji huanzia kwenye kanuni na kutumaini kufika kwenye hisia, wakati mchezaji anakutana na hisia kwanza na pengine hazijui kanuni kabisa. Hapo ndipo marafiki wanapopishana bila kujijua. Mmoja anasema "nataka gemu ya huzuni", na hapo anazungumza kama mchezaji. Mwenzake anajibu "basi tuweke mvua", akidhani amejibu. Mvua ni picha. Huzuni ya mchezo inatokana na kitu ambacho mchezaji amelazimika kukiacha kwa mkono wake mwenyewe.

Wazo letu lilitoka kwenye karatasi ya yule wa sauti, ambaye huwa hasemi sana kwenye vikao. Aliandika mstari mmoja: mchezaji ni bahari. Hana mhusika wa kumwendesha, hana chombo, hana upanga. Ana kitufe kimoja. Akikibonyeza maji yanajaa, akikiachia yanakupwa. Ufukweni kuna chombo kilichokwama mchangani kinachohitaji maji kiondoke, kuna kaa anayetaka kuvuka pakiwa pakavu, kuna watu wanaorudi kwa miguu kutoka kwenye fungu la mchanga, kuna kiota cha kasa juu kidogo ya mstari wa maji. Kila anayesaidiwa na maji yaliyojaa yuko jirani na mwingine anayeumizwa nayo.

Nimesema wazo lilitoka kwenye karatasi, na hilo linastahili maelezo kwa sababu lilitokana na namna tunavyokutana. Desturi ya kukusanya watu wakatupa mawazo hewani ilivumishwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, katika vitabu vyake vya mwaka 1948 na 1953. Masharti yake ni mazuri: usimkosoe mtu wakati mawazo yanatoka, tafuta wingi, karibisha ya ajabu, unganisha la huyu na la yule. Ila Osborn aliamini pia kwamba mtu akiwa kwenye kundi hutoa mawazo mengi kuliko akiwa peke yake, na hapo utafiti haukumuunga mkono. Mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliofikiri pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walichunguza sababu, wakakuta kwamba kikwazo kikubwa ni kungoja zamu. Mmoja anapozungumza, wengine wanashikilia wazo lao lisipotee, na wakiwa wanalishikilia hawawezi kuzaa jingine. Wengine wanalisahau. Wengine wanaamua halina maana tena.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na marafiki wachangamfu analijua hili hata bila utafiti. Penye wengi pana mengi, lakini pia pana mmoja mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo kwetu kila mmoja huandika kwanza peke yake, kimya, na karatasi zinasomwa zote kabla ya mtu kuruhusiwa kutetea la kwake. Kikao kinachofuata baada ya kusoma ndicho chenye kelele, na hapo kelele ina faida, maana kuunganisha mawazo ni kazi ambayo kundi linaiweza vizuri. Mstari wa "mchezaji ni bahari" usingesikika kamwe katikati ya kelele. Karatasi yangu mimi siku hiyo ilikuwa na mnara wa taa na mlinzi wake. Mlinzi hakupita, ila mnara bado upo pembeni ya mchoro wetu na ninaupenda.

Kuna sharti moja tuliloongeza kwa ajili ya gemu hasa. Wazo haliingii kama sifa, linaingia kama swali linaloweza kuchezwa. Ukisema "bahari iwe na hisia", hatuna la kufanya nalo jioni ile. Ukisema "je, mchezaji ataona vigumu kuzamisha kiota ili aokoe chombo?", hilo tunaweza kulijaribu kabla ya kulala. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na ni kubwa sana kwa kazi. Inaondoa mabishano ya nani ana ladha bora na kuyapeleka mahali ambapo meza yenyewe inatoa jibu.

Jaribio la kwanza halikuhitaji kompyuta. Mchoraji alichora ufuko kwa ubavu kwenye karatasi ndefu: mteremko, miamba, mkondo, fungu la mchanga, chombo. Tukachukua karatasi ya plastiki ya buluu inayopitisha mwanga na kuiweka juu ya mchoro. Mwenzetu mmoja alijifanya kompyuta, kazi yake ikiwa kupandisha plastiki pole pole kila mchezaji akiweka kiganja mezani, na kuishusha akikiondoa. Kaa na watu walikuwa vipande vya karatasi vilivyosogezwa kidogo kidogo na mwingine.

Sijui kama kuna njia bora ya kuifahamu gemu kuliko kumwangalia mtu akiicheza bila wewe kufungua mdomo. Tulitarajia furaha iwe kwenye kubonyeza, kwenye kuamuru maji. Haikuwa hapo. Yule aliyejifanya kompyuta hakuweza kufuata kiganja cha mchezaji papo hapo, mkono wake ulichelewa, na maji yaliendelea kupanda kidogo hata baada ya kiganja kuondoka. Mchezaji alilalamika mara moja tu. Kisha akaanza kuachia mapema. Akawa anainama, anakodolea mstari wa buluu, anakadiria yatakapofika, anaondoa kiganja na kushusha pumzi. Maji yalipokoma chini kidogo ya kiota, sote tulipiga kelele.

Hapo kitendo cha mkono kilibadilika. Ikawa gemu yetu inahusu kuachia kwa wakati, na kubonyeza kukawa maandalizi tu ya kitendo hicho. Mwandishi wa programu alipoweka mteremko mmoja na kisanduku kimoja kinachoelea kwenye skrini, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuyapa maji uzito, yaani yasisimame pale kitufe kinapoachiwa bali yaendelee na kupungua kasi. Akiuondoa uzito huo, gemu inachusha mara moja, inakuwa kama kupandisha na kushusha sauti ya redio. Akiuzidisha, mchezaji anahisi anaonewa. Kati ya hapo na pale kuna sehemu ambapo maji yanahisi kama maji, na kazi yetu kubwa kwa sasa ni kuitafuta sehemu hiyo kwa kubadilisha namba tatu tu na kuwaita watu wajaribu.

Nataka kusema neno kuhusu karatasi za mipango, kwa sababu wengi huzihesabu kama maendeleo. Kabla ya Doom, gemu ya kufyatua risasi, kutoka Desemba 1993, Tom Hall wa kampuni ya id Software aliandika hati ndefu yenye wahusika, mahali na hadithi nzima ya gemu hiyo. Wenzake, mwandishi wa programu John Carmack akiwa mbele, waliona hadithi si mahali pa kuweka nguvu zao, na sehemu kubwa ya hati ikaachwa. Hall mwenyewe aliondoka mwaka huohuo kabla gemu haijatoka. Wengine huisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba hadithi haina kazi kwenye gemu. Sikubaliani. Ninachokiona ni kwamba hati ilitungwa kabla kitendo cha mkono hakijajulikana, na gemu ilipojua inachotaka kuwa, hati haikuweza kuinama kuifuata. Kwetu hadithi inaandikwa nyuma ya majaribio. Kiota cha kasa kilipoonekana kuwa ndicho kinachowashika watu roho, hapo ndipo tulipoanza kuuliza huyu kasa alitoka wapi na nani ufukweni anamjua.

Halafu kuna kukataa. Kumkatalia mfanyakazi mwenzako ni jambo moja, kumkatalia rafiki aliyetumia usiku wake wa mapumziko ni jingine. Mchoraji wetu alileta dhoruba. Mawingu yalichorwa kwa ustadi unaokufanya utulie kuyatazama, mvua ya kukata kimshazari, mawimbi yenye povu. Katika mchezo, dhoruba ilipandisha maji yenyewe, bila mchezaji. Tulipoijaribu, tulimwona mchezaji akiondoa mkono mezani na kuegemea kiti. Aliacha kucheza akawa anatazama. Hakuna aliyehitaji kusema dhoruba ni mbaya, na kwa kweli haikuwa mbaya. Ilikuwa inamnyang'anya mchezaji kitu pekee tulichompa. Mchoraji ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo, akaitoa mwenyewe. Mawingu yale sasa yanapita kwa mbali nyuma ya upeo wa macho, bila nguvu yoyote juu ya maji, na ufuko umependeza zaidi kwa kuwa nayo.

Ninalipenda jaribio kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Linaulinda urafiki. Wazo likikataliwa na mtu, linabaki kidonda. Likikataliwa na mkono wa mchezaji mbele ya wote, linabaki jambo tulilolijua pamoja.

Mengine hatukuyajaribu, tuliyaweka kwenye orodha ya baadaye: kucheza watu wawili mtandaoni, bahari mbili zinazoshindana, kuunda fuko zako mwenyewe. Ni mazuri yote. Kucheza mtandaoni pekee kunadai seva, kulinganisha hali ya mchezo kati ya mashine mbili zenye intaneti ya kasi tofauti, na mtu wa kuvitunza hivyo vyote baada ya gemu kutoka. Hatuna mtu huyo. Mshika mawili moja humponyoka, na sisi tuna jioni chache za kushika hata hilo moja.

Uchache huo nauheshimu. Alexey Pajitnov alipoitengeneza Tetris huko Moscow mwaka 1984, alianzia kwenye fumbo la maumbo ya miraba mitano, yale 12 yanayojulikana. Aliyaona mengi mno, akashuka hadi maumbo ya miraba minne, ambayo ni 7. Kompyuta aliyokuwa nayo, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa picha, kwa hiyo vipande vilichorwa kwa alama za mabano. Hakuna hata moja kati ya mapungufu hayo lililoidhuru gemu. Celeste nayo ilianza mwaka 2015 kama gemu ndogo ya siku 4 ya Maddy Thorson na Noel Berry kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo inayokubana makusudi: skrini ya pikseli 128 kwa 128, rangi 16, njia 4 za sauti. Ndani ya kibano hicho walipata kuruka na kuchomoka hewani kunakopendeza mkononi. Gemu kubwa ilikuja Januari 2018, na ile ndogo imefichwa ndani yake ili atakayeikuta aicheze.

Na mwaka 2005 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijiwekea sharti kwamba kila gemu itengenezwe na mtu mmoja kwa muda usiozidi siku 7. Muhula mmoja uliwapa gemu zaidi ya 50. Moja ilikuwa ya kujenga mnara kwa matone yanayonata na kuyumba, kazi ya Kyle Gabler, na ndiyo iliyokuja kukua ikawa World of Goo ya mwaka 2008, aliyoitengeneza pamoja na Ron Carmel. Zile nyingine karibu zote hazikukua. Napenda sana kuwakumbusha wenzangu habari hiyo tunapokuwa tumeshikilia wazo moja kama yai. Mawazo ni mengi, na njia ya kulijua lililo hai ni kuyapa yote nafasi fupi ya kutembea.

Mfano unaotajwa mara nyingi watu wanapoanza ni Stardew Valley, gemu ya maisha ya shambani, na nauelewa mvuto wake. Eric Barone aliandika programu, akachora, akatunga muziki na maneno, yote peke yake, kwa zaidi ya miaka minne, huku jioni akifanya kazi ya kuwaelekeza watu viti ukumbini, hadi ilipotoka Februari 2016. Ni kazi ya kustaajabisha. Ila haifanani na hali ya marafiki wanne. Mtu mmoja anaweza kubadili uamuzi usiku wa manane bila kumweleza yeyote. Wanne wakibadili uamuzi, kuna picha zilizokwisha kuchorwa, kuna muziki uliokwisha kurekodiwa, na kuna mtu ambaye hakuwepo jioni ile. Faida ya kundi iko kwingine: mmoja akichoka, mwingine ana hamu. Tangu tuanze, sijaona wiki ambayo wote wanne tulichoka kwa pamoja.

Kuna mambo ya makaratasi ambayo marafiki huyaonea haya, nami nitayapitia upesi. Kwanza, woga wa kuibiwa wazo. Kwa ujumla hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa, yaani programu, picha, muziki, maandishi. Wazo tupu au kanuni ya mchezo hailindwi hivyo. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho huko New Jersey, Marekani, iliamua kesi ya Tetris dhidi ya kampuni ya Xio, iliyokuwa imetoa gemu inayofanana nayo, kwa mstari huohuo: kanuni ni za wote, lakini kunakili mwonekano wake kwa ukaribu ule ni kosa. Kwa hiyo simulieni wazo lenu. Mtu mgeni akilisikia na kuuliza swali zuri, mmefaidika zaidi ya mlichohatarisha.

Pili, ni mali ya nani? Sisi tumeandika ukurasa mmoja na kila mmoja kuweka sahihi. Unasema nani anamiliki nini, mapato yakipatikana yanagawanywaje, na hasa mtu akiondoka kazi yake inabakije. Kipengele cha kuondoka ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu maisha hubadilika, mtu hupata mtoto, huhama, huchoka kwa haki kabisa. Tumekubaliana kwamba anayeondoka anabaki na jina lake kwenye gemu na sehemu inayolingana na alichokwisha kufanya, na kwamba gemu inaruhusiwa kuendelea kutumia kazi hiyo. Kuandika hayo wakati hakuna pesa wala ugomvi ni rahisi, kila mtu anakuwa mkarimu.

Tatu, vifaa. Tumechagua Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kujengea gemu, ambayo msimbo wake umewekwa wazi kwa wote tangu 2014 na haidai mgao wa mapato. Mwaka 2023 Unity, kampuni yenye injini nyingine maarufu, ilipotangaza tozo ya kila mara gemu inaposakinishwa, watengenezaji wengi wadogo walishtuka, na ingawa tozo hiyo ilifutwa mwaka 2024, mwandishi wetu wa programu hakutaka kujenga juu ya masharti yanayoweza kubadilishwa na mwingine. Kuhusu kuuza, Steam, duka la gemu la mtandaoni, hutoza dola 100 kwa kila gemu, na hurejesha kiasi hicho gemu ikifikisha mapato ya dola 1,000. Itch.io, tovuti nyingine ya kuuzia gemu, haitozi kitu kuweka gemu, na muuzaji ndiye anayechagua tovuti ipate asilimia ngapi. Ndiko tutakakoanzia, kwa hatua chache za mchezo za bure, ili watu tusiowajua waijaribu kabla hatujajenga nyingine.

Kwa sasa mjadala ulio mezani ni wa mwezi. Katika fuko nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na mwezi unapoandama au kuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda juu kuliko kawaida na kushuka chini kuliko kawaida. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Mwenzetu wa sauti anataka mwezi uonekane juu ya skrini na kuamua ni kiasi gani cha maji mchezaji anaweza kukiamuru kila hatua. Hatua ya maji mafu ingekuwa ya uvumilivu, kusogeza vitu vidogo vidogo. Hatua ya bamvua ingempa nguvu nyingi kupita anavyohitaji, na kiota kingekuwa hatarini kwa kila mguso.

Mchoraji anapinga, na hoja yake ni ile ile ya dhoruba: tunaanza tena kumpunguzia mchezaji mamlaka. Mimi naona kuna tofauti. Dhoruba ilitenda badala ya mchezaji, ilhali mwezi unamwekea mipaka na kumwachia yeye atende. Lakini hiyo ni hoja ya mdomo tu, nami naweza kuipamba nipendavyo. Swali limeshaandikwa kwa namna ya kuchezeka: je, mchezaji akiuona mwezi mpevu, ataachia mapema zaidi bila kuambiwa? Mwandishi wa programu anaongeza mwezi kwenye ule mteremko wenye kisanduku kimoja, bila picha, duara jeupe tu. Mchoraji ameomba awe yeye wa kuchagua watu watakaojaribu, na tumemkubalia.